Mwana Aliyeandika Kila Jumapili

Siku ya tatu ndipo jalada la Mama Nofezile Mbotho lilipofika mezani kwa Kapteni Faieka Salie, na mwenye jalada alikuja nalo. Alikuwa ameshinda na kulala kwenye benchi la kituo cha polisi tangu Jumamosi, begi la nguo mapajani, blanketi mabegani. Kila askari aliyejaribu kumpeleka mahali penye kitanda alijibiwa neno lile lile: "Mwanangu akija asinikose."

Alikuwa ametoka kijijini Centane, saa kumi na nane ndani ya basi. Jicho la kulia lilikuwa jeupe kama maziwa yaliyomwagiwa maji. La kushoto lilikuwa njiani.

"Mwanao ana miaka mingapi, Mama?" Kapteni aliuliza.

"Thelathini na mmoja. Phakamile. Sina mwingine."

Sajini Vuyisa Tyhali alitafsiri. Kixhosa cha Kapteni kilitosha kununulia nyanya, hakikutosha kutafutia mtu.

"Alijua unakuja?"

"Nilimwandikia Jumatano. Mwalimu jirani yangu ndiye anayenisomea na kuniandikia. Nikamwambia, daktari amesema kabla ya Krismasi nitakuwa naona mwanga tu. Nakuja nikuone uso. Tangu siku hiyo simu yake haiiti."

"Mara ya mwisho kusikia sauti yake ni lini?"

Mama alifikiri, vidole vikihesabu kwenye pindo la blanketi. "Imepita miaka miwili. Alisema simu yake imeharibika upande wa kusemea. Tukabaki na ujumbe. Lakini kila Jumapili, Kapteni. Hajakosa hata moja. Na picha juu yake."

Kapteni na Sajini hawakutazamana. Wote wawili walitazama simu ya Mama iliyokuwa mezani, simu ndogo iliyopasuka kioo, imefungwa kwa mpira wa nywele.

Ombi la kufuatilia namba ya Phakamile lilitumwa saa hiyo hiyo kwa kampuni ya simu. Jibu lingechukua siku nne, tano. Kapteni hakuwa na mazoea ya kungoja karatasi. Alimpa Sajini ile simu, akamwambia asome tangu mwanzo.

Sajini alisoma kwa saa nzima bila kuinua kichwa. Alipomaliza alivuta kiti karibu, akashusha sauti.

"Kapteni, hizi zimeandikwa na watu wawili."

"Umejuaje?"

"Mpaka Julai ya mwaka juzi anaandika kama kijana wa kwetu. Anakata maneno, anatania, anamwita mama yake msichana. Na kila ujumbe lazima amuulizie ng'ombe. 'Nomabala amezaa? Nomabala bado anapiga watu mateke?' Baada ya Julai, ng'ombe hayupo tena. Kixhosa kimenyooka, kimevaa tai. Halafu hapa, unaona? Amekosea neno ambalo mtoto wa miaka minne hakosei."

"Kwa hiyo ni nani?"

"Mtu anayeota kwa lugha nyingine."

"Mnanong'ona nini?" Mama aliuliza kutoka kwenye kiti chake. "Macho ndiyo yanayokwenda. Masikio yangu ni mazima."

Sajini alikohoa. "Tunasema mwanao alibadilika uandishi, Mama."

"Hilo nalijua." Uso wake ulilainika. "Zamani alikuwa ananiandikia akikumbuka. Mara baada ya mwezi, mara miwili. Kisha ghafla akawa ananiuliza kama nimekunywa dawa za presha, kama paa linavuja, kama nimekula. Nikasema, jiji limemkuza. Miaka miwili hii ndiyo aliyonipenda zaidi."

Hakuna aliyetafsiri hayo. Kapteni aliyaelewa hivyo hivyo.

Alichapisha picha zote ishirini na saba, akazitandaza mezani. Mlima Meza uliojifunika kitambaa chake cha wingu. Pengwini wamejipanga juu ya mwamba. Mizabibu mistari kwa mistari. Mkia wa nyangumi ukiinuka kwenye maji meusi. Sili wamelala wamerundikana kama magunia yaliyolowa. Uso wa mtu, hakuna. Hata kivuli.

Kapteni aliacha uzuri wa picha, akatafuta pembe zake. Kwenye picha tatu za mizabibu, chini kushoto, kulipita waya wa uzio. Kwenye ile ya nyangumi palionekana kipande cha bomba la pembeni mwa boti, limepakwa rangi ya njano, na nusu ya boya la kujiokolea lenye herufi tano: RONIA.

"Phakamile alikuwa anafanya kazi wapi?"

"Kwenye mvinyo," Mama alijibu. "Shamba la Soetkrans. Anaosha mapipa."

Kapteni aligonga waya kwa kucha. "Mtu anayefanya kazi ndani ya shamba hasimami nje ya uzio kulipiga picha."

Walipoinuka, Mama aliinuka nao. Sajini alijaribu kumweleza kwamba kazi ya polisi haina abiria.

"Nimekuja kumtafuta mwanangu," Mama alisema, akitangulia bila kujua mlango ulipo. "Nyinyi ndio abiria."

*

Upepo wa kusini-mashariki ulikuwa umeamka, na barabara ya kuelekea mashamba ya Constantia ilijaa majani ya mialoni. Mama alikaa kiti cha nyuma, dirisha wazi. Kila baada ya muda alitaja kitu. Je, wamepita mahali pa ndege wanaotembea kama mapadri? Hapana, hao wako upande wa pili, ng'ambo ya milima. Na nyangumi, ni kweli wanakuja karibu mpaka mtu anasikia pumzi yao?

"Ni kweli, Mama," Kapteni alisema.

"Alisema inanuka samaki waliooza." Mama alicheka kidogo. "Pumzi ya nyangumi. Yeye ni mtu wa kuchunguza mambo."

Hilo lilikuwa kwenye ujumbe wa Septemba iliyopita, wa yule mwandishi wa pili. Kapteni alikaza mikono kwenye usukani.

Msimamizi wa ghala la mvinyo aliitwa Coenraad Basson, mtu mpana mwenye mishipa ya damu iliyopasukapasuka puani. Alisema Phakamile Mbotho aliacha kazi mwenyewe mwezi wa Juni, mwaka juzi. Alisema haraka mno, akifunga daftari ambalo hakuna aliyekuwa amemwomba.

"Mliachana vizuri?"

"Vizuri kabisa."

Mwanamke aliyekuwa akisugua pipa karibu na mlango alitema mate pembeni. "Muulize jino, Kapteni."

"Katriena, fanya kazi yako!"

"Naifanya, Bwana. Napiga msasa."

Kapteni alifunga mlango, akabaki na Basson kati ya mapipa. "Jino gani?"

Basson alikiri: alikuwa amekunywa kazini, Phakamile akamfichia funguo za trekta asije akaua mtu, na yeye akampiga ngumi. Jino la mbele lilivunjika nusu. Kijana akakusanya vitu vyake siku hiyo hiyo.

"Ulimfuata?"

"Nilitaka kumwomba radhi."

"Julai ulikuwa wapi?"

"Worcester. Kwenye nyumba ya kuachia pombe. Wiki saba. Mke wangu ndiye aliyenipeleka." Alijifuta uso kwa kiganja. "Pigeni simu. Sijagusa tone tangu hapo, na nalala na mapipa elfu mbili."

Sajini alipiga simu. Tarehe zilikaa sawa: Basson aliingia Juni ishirini na nane, akatoka katikati ya Agosti. Njia hiyo ikafungwa. Lakini walipokuwa wakitoka, Basson aliwafuata mpaka kwenye gari.

"Kapteni. Aliondoka na mwenzake, Deswin Arendse. Alikuwa kwenye mashine ya kusaga zabibu, ikamla nusu ya kidole gumba. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Walisema wanakwenda baharini. Huyo Deswin huwa anarudi. Kila mavuno anasimama pale barabarani, anapiga picha mizabibu, anaondoka. Haingii, hasalimu. Nilidhani anatupimia wizi."

Mama Nofezile alikuwa ameshuka, amesimama kwenye mstari wa kwanza wa mizabibu akipapasa majani mapya.

"Ndiyo yenyewe?" aliuliza. "Aliniambia imepangwa kama watoto wa shule paredini."

"Ndiyo yenyewe, Mama."

Alichuma jani moja, akalinusa, akalitia ndani ya kitambaa cha kichwa.

*

Kwenda baharini, kwa vijana wa kule wenye nguvu na wasio na kibali, maana yake ilikuwa moja. Chini ya mwani mkubwa hukaa perlemoen, konokono mnene wa mwambani ambaye matajiri wa mbali humla kwa sherehe, na kumng'oa bila kibali ni jela.

Kapteni aliendesha gari mpaka kwenye taa za barabarani. Taa zilipokuwa nyekundu aliuliza, bila kugeuka, "Mama, Phakamile aliwahi kuvunjika mfupa?"

"Muundi wa kushoto. Alikuwa na miaka tisa. Farasi wa mjomba wake alimtupa. Mzee mmoja akaufunga, ukaunga umepinda." Alionyesha kwa mkono, ijapokuwa hakuna aliyekuwa akitazama. "Alikuwa anatembea kama mtu anayetaka kukata kona."

Taa ziliwaka kijani. Gari la nyuma lilipiga honi mara mbili kabla Kapteni hajaondoka.

Kituoni alishuka peke yake kwenye chumba cha kumbukumbu. Jalada alilolitaka halikuwa refu. Mwili wa mwanamume, ufukwe wa Kommetjie, tarehe tisa Agosti mwaka juzi. Amevaa suti ya kupigia mbizi. Alama za vidole hazikupatikana kwa sababu ya maji. Jino la mbele la juu limevunjika, si zamani. Muundi wa kushoto ulivunjika utotoni, umeunga kwa kupinda. Mapafuni maji ya bahari. Jeraha la kupigwa, hakuna. Tangazo lilitolewa siku thelathini, hakuna aliyejitokeza. Akazikwa na manispaa, na kaburi likapewa namba.

Jina: Hajulikani.

Sahihi ya mpelelezi iliyokuwa chini ya ukurasa ilikuwa ya F. Salie. Alikumbuka hata kalamu. Alikumbuka kwamba siku hiyo alikuwa na majalada mengine kumi na moja, na kwamba hakuna mtu aliyekuwa ameripoti kupotelewa na mtu. Sasa alijua sababu. Mtu huyo hakuwahi kupotea. Kila Jumapili alikuwa akiandika.

Alipanda ngazi na kijiti cha pamba ndani ya mfuko uliofungwa. Alimwomba Mama afungue kinywa, akasugua ndani ya shavu, akafunga, akaandika tarehe.

"Cha nini hicho?"

"Kinaonyesha nani ni damu ya nani."

"Hapa sina ndugu wa kulinganishwa naye, isipokuwa..." Jicho lake lililobaki lilitafuta uso wa Kapteni, likatulia karibu na kidevu. "Binti yangu. Mwanangu amekufa?"

Sajini alifungua kinywa kutafsiri. Kapteni alimzuia kwa mkono. Neno hilo la Kixhosa alikuwa akilijua.

"Nadhani amekufa, Mama. Tangu mwaka juzi. Kipimo ndicho kitakachothibitisha. Alikufaje, bado sijajua."

Mama hakulia. Alikunja blanketi, akalikunjua, akalikunja tena. Nje, kwenye kaunta, mtu alikuwa akilalamikia redio ya gari iliyoibwa.

"Basi nani," alisema mwishowe, "aliyeniuliza kama nimekunywa dawa?"

*

Boti yenye herufi RONIA haikuwa ngumu kupatikana. Katika bandari ya Hout Bay boti zinazopeleka wageni kwenye kisiwa cha sili ni chache, na moja tu ina mabomba ya njano: *Petronia*. Ilikuwa ikishusha watu walipofika. Wageni walitoka na nywele zilizosimama kwa chumvi, wengine kijani usoni kwa kichefuchefu, wakicheka. Gatini, sili mnene alikuwa akiomba samaki kama mstaafu anayedai haki yake.

"Polisi tena?" alisema nahodha, mzee aliyeitwa Appollis. "Maboya yangu yote yana kibali. Hata huyu sili ana kibali."

"Namtaka Deswin Arendse."

Utani ulimtoka mzee usoni. "Amefanya nini? Ni mtu wangu mzuri kuliko wote. Hanywi. Hata safari za Jumapili hakai na wenzake, anakaa nyuma kule na simu yake, anaandika kama karani."

Deswin alikuwa ameshawaona. Alikuwa akikunja kamba, mtu mwembamba wa miaka thelathini na kitu, koti la manjano la mvua, kidole gumba cha kushoto kikiishia kwenye kifundo. Hakukimbia. Alimaliza kukunja kamba, akaitundika, akaingia kwenye kibanda cha vyombo, akatoka na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa utepe. Ndani yake mlikuwa na simu.

"Anti," alimwambia Kapteni, kama walivyozoea kumwita mwanamke yeyote wa rika lake, "umechelewa. Nakungoja tangu Jumatano."

"Kwa nini uliizima?"

"Alisema anakuja kuniona uso." Alitazama maji. "Ningempa uso upi?"

Sajini alimsomea haki zake. Ya kunyamaza, ya kuwa na wakili. Aliitikia kila moja, kwa adabu, ila akakataa kupewa wakili.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na dirisha moja linaloangalia lango la kituo. Kapteni aliwasha kinasa sauti.

"Anza Julai."

"Ishirini na sita. Asubuhi, kumepambazuka. Tulikuwa wawili na boti ya mpira, upande wa nyuma ya Kommetjie. Yeye anazama, mimi nakaa na injini. Alikuwa na pumzi kuliko mimi."

"Halafu?"

"Ukungu ukaja. Si ule wa kuona mbele kidogo. Ule wa kutoona mkono. Nikasikia boti ya doria. Nikaondoka. Nilisema nitarudi baada ya nusu saa. Niliporudi sikumpata. Nilizunguka mpaka mafuta yakaisha."

"Ulisikia chochote?"

"Hapana."

"Hakuita?"

"Nimesema hapana, Anti."

Kapteni aliandika. Alimtazama Deswin akisugua kifundo cha kidole gumba juu ya meza, akisugua, akisugua.

"Na ujumbe?"

"Simu yake ilibaki kwenye boti. Jumapili ikalia. Mama yake. Anasema, mwanangu mbona kimya, kifua kinanibana. Sikujua kusoma Kixhosa vizuri, nikampelekea mama mmoja wa jikoni bandarini anisomee. Nikaogopa. Nikasema nikimwambia leo, na kifua hicho, nitakuwa nimeua wawili. Nikajibu ujumbe mmoja tu: mimi mzima, Mama. Nilidhani utakuwa mmoja." Alipangusa pua kwa mkono wa koti. "Jumapili iliyofuata akaandika tena. Kifua kimepoa, anashukuru. Nikajifunza lugha. Miezi sita kila siku na yule mama wa jikoni. Mimi mama yangu alifariki nina miaka mitano, Anti. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama nimekula."

Mlango ulifunguliwa. Askari wa kaunta, ambaye Mama Nofezile alikuwa amemlazimisha kumtafsiria nje ya mlango, alikuwa nyuma yake akimshika blanketi, na blanketi lilibaki mikononi mwake.

"Kapteni," Sajini alinong'ona, "mwendesha mashtaka atatutafuna."

"Atutafune." Kapteni alitaja kwenye kinasa sauti jina la aliyeingia na saa, akavuta kiti.

Mama hakukaa. Alizunguka meza kwa kupapasa ukingo wake mpaka akamfikia Deswin. Akaweka viganja viwili usoni mwake. Alipita kwenye paji la uso, kwenye macho yaliyofumbwa, kwenye taya. Deswin alitetemeka kama mtoto anayenyolewa.

"Ni wewe unayeandika," Mama alisema.

"Ni mimi, Mama." Alijibu kwa Kixhosa, kile kilichonyooka, cha kuvaa tai. Sajini alianza kumtafsiria Kapteni sikioni.

"Mwanangu amechunga ng'ombe milimani kwetu. Kule ukungu unakaa siku tatu. Mchungaji akipotea hapigi kelele, kelele hupotea. Hupiga mluzi." Viganja vyake vilikuwa bado mashavuni mwa Deswin. "Alipiga mluzi?"

Kinasa sauti kilizunguka. Langoni gari lilipita, breki zikalia.

"Alipiga, Mama."

Kapteni aliweka kalamu chini, kisha akaichukua tena.

"Mara ngapi?"

"Nyingi. Sikuhesabu."

"Ulikuwa mbali naye?"

Deswin alifungua macho, akatazama dirishani. "Kama kutoka hapa hadi lile lango."

"Ukamjibu?"

"Doria walikuwa karibu. Walikuwa wamezima injini, wanasikiliza. Nilikuwa na magunia mawili ya perlemoen na kifungo cha nje juu ya kichwa. Nami nikazima. Nikalala kwenye sakafu ya boti. Akapiga upande huu. Kisha upande ule. Alikuwa ananitafuta, Mama. Kisha akawa anapiga kwa mbali, mkondo unamchukua."

"Nimekuuliza, ukamjibu?"

"Hapana."

Mama aliondoa mikono. Aliiweka mbele yake, hewani, kama mtu aliyetoka kuosha vyombo na hana kitambaa.

"Andika, binti yangu," alimwambia Kapteni. "Andika kama alivyosema, usimpunguzie."

"Nimeandika, Mama."

"Mama, nisamehe," Deswin alisema. Alikuwa ameteremka kwenye kiti, magoti sakafuni. "Mama, dawa za leo umekunywa?"

Sajini hakuitafsiri hiyo. Aligeukia ukuta.

Sauti ikamtoka Mama Nofezile, si kilio, kitu kilicho chini ya kilio, na Kapteni ikabidi amshike kiuno asianguke.

"Nilikuja hapa na mtoto mmoja," alisema alipoweza. "Leo nimefiwa na wawili."

Deswin Arendse alitia sahihi maelezo yake saa tisa na dakika kumi alasiri. Kama ni mauaji au ni kusababisha kifo, hilo lingeamuliwa na mwendesha mashtaka. Alipopelekwa mahabusu hakugeuka nyuma, na Mama hakumwita.

*

Kipimo kilirudi siku ya kumi na nane, kikathibitisha. Siku hizo zote Mama Nofezile alilala nyumbani kwa dada yake Sajini, akakataa kuonyeshwa jiji. Ruhusa ya kumfukua Phakamile na kumsafirisha Centane ingechukua wiki nyingine sita. Alitaka apelekwe kaburini kwanza, mwanawe asije akashtuka kuamshwa na wageni.

Makaburi ya manispaa yalikuwa kwenye mchanga, mbali na barabara, kila moja na kibati chenye namba. Upepo ulikuwa umelaza nyasi. Kapteni aliikuta namba, akasogea pembeni. Alikuwa na fomu mfukoni, ile ya zamani, na pale palipoandikwa Hajulikani alikuwa amekata mstari na kuandika jina kamili, herufi kubwa, akatia sahihi upya na tarehe. Kisheria haikuwa lazima. Fomu mpya ilikuwa imeshajazwa ofisini.

Mama alipiga magoti. Alimwita mwanawe kwa jina, kisha kwa majina ya baba zake, mmoja baada ya mwingine. Alimweleza kwamba yeye ni mama yake, kwamba amekuja kwa basi, kwamba macho yamechelewa kidogo lakini amefika. Alimwambia Nomabala amezaa mara mbili, wa pili ni dume jekundu lenye kichwa kigumu. Alimwambia asiogope watakapomwinua, wanamrudisha nyumbani. Kisha akapapasa mchanga kama anayelainisha kitanda.

Sajini alimsaidia kuinuka. Mama alielekeza uso wake huku na huku, akitafuta kitu ambacho jicho lake lisingeweza tena kukipata.

"Kapteni," aliuliza, "ukisimama hapa, bahari inaonekana?"

Faieka Salie alitazama. "Hapana, Mama. Mlima umeiziba."

"Afadhali," Mama alisema, na akanyoosha mkono ashikwe wapate kuondoka.